Mbwa Asiyenguruma

Video ile ilimfikia Mosoti akiwa kanisani Suna, Migori. Kwa mzee anayejulikana kwa kuwakemea vijana wanaochungulia simu siku ya Sabato, hiyo tu ilikuwa aibu ya kumtosha. Simu ilitetemeka mfukoni mwa koti. Alidhani ni habari za shemeji yake aliyelazwa, akaitoa polepole, akaificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, akafungua.

Haikuwa habari ya mgonjwa. Ilikuwa kundi la familia kwenye WhatsApp, na aliyetuma ni Phelesia, mke wa mwanawe Kerosi, wanaoishi Asumbi kwenye nyumba ya kupanga. Katika video alikuwemo mjukuu wake Ratemo, mtoto aliyeanza juzijuzi tu kukimbia bila kuanguka, amemkalia mbwa mgongoni kama abiria wa bodaboda. Mbwa alikuwa anakula. Ratemo aliinama, akatia mkono kwenye sufuria ya mbwa, akachomoa omena, wale dagaa wa ziwani, akamwonyesha mama yake aliyekuwa anarekodi, akatia tena. Phelesia alisikika akicheka. Chini ya video alikuwa ameandika: "Bosco ndiye yaya wetu." Mashangazi na binamu walikuwa wameshaanza kupiga makofi ya vikatuni.

Wote hao waliona mtoto na mbwa mpole. Mosoti aliona mdomo. Bosco alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa ameufunga mdomo kabisa huku chakula kikiwa bado ndani, shingo imekaza, kichwa kimegeukia pembeni kidogo, na weupe wa jicho umejitokeza kwenye kona. Ulimi ulichomoka mara moja, ukalamba pua, ukarudi. Mkia ulikuwa umekauka kama mwiko. Na kwa yote hayo, mbwa hakutoa hata sauti ndogo.

Mosoti alitoka katikati ya maombi. Waumini walikuwa wamepiga magoti, naye akapita juu ya visigino vyao akisema "samahani, samahani," na mzee wa kanisa akafumbua jicho moja kumtazama hadi mlangoni.

Huyu Mosoti, ili tuelewane, si mtu wa kukimbizwa na mbwa. Pale Migori ukiwa na duka na wezi wamekuzoea, utaelekezwa kwake. Unampelekea mtoto wa mbwa, baada ya muda anakurudishia mlinzi. Sifa ya mbwa wa Mosoti ilikuwa moja na ilijulikana mpaka Awendo: humbwekea mgeni, lakini hamngurumii bwana wake. Unaweza kumnyang'anya mfupa mdomoni, akakutazama tu.

Njia yake haikuwa siri. Mbwa akila, Mosoti alitia mkono kwenye chakula. Mbwa akinguruma, fimbo ya mpera ilimshukia puani. Kesho tena, na kesho kutwa tena, mpaka mbwa anyamaze. "Mbwa hawezi kumngurumia mtu anayemlisha," alipenda kusema. "Hiyo ni dharau." Na kwa kuwa alilisema kwa sauti nzito, watu walimwamini, kama watu wanavyoamini mambo mengi ya sauti nzito.

Bosco alizaliwa pamoja na mbwa mwingine aliyeitwa Jenerali, mama mmoja, siku moja, na wote wawili walipitia mkono ule ule. Jenerali alipopigwa alijikung'uta kama aliyenyeshewa, akaenda kunywa maji, akarudi akitikisa mkia. Kesho yake alinguruma tena, nusu kwa mzaha, akapigwa tena, akajikung'uta tena. Mwisho alichoka mchezo wenyewe akaacha, na hakumchukia mtu. Bosco alipigwa mara ya kwanza akajificha nyuma ya ghala hadi asubuhi. Alipigwa mara ya pili, na baada ya hapo hakunguruma tena maishani. Mosoti alifurahi kupita kiasi. "Huyu ana akili," aliwaambia wateja. "Ameelewa upesi." Ratemo alipozaliwa, alimtoa Bosco zawadi kwa Kerosi, akiona amempa mwanawe kilicho bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza kwa mikono yake.

Alichokuwa ameelewa Bosco ni kitu kingine kabisa, na aliyemweleza Mosoti hivyo ni Metrine, daktari wa mifugo. Mbwa mmoja wa Mosoti alikuwa amemrarua mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi kiganja kizima, na mwenye duka aliapa kwamba mbwa hakutoa hata mlio. Metrine alikuja kumtazama mbwa yule, kisha akauliza amefundishwaje. Mosoti alimweleza kwa fahari.

"Mzee, kunguruma ni mbwa anakuomba nafasi," Metrine alisema. "Ukimpiga kwa sababu ya kunguruma, hasira inabaki pale pale. Umemwondolea tu njia ya kukuambia."

"Na Jenerali?" Mosoti alimkatiza. "Jenerali nilimfunza hivyo hivyo. Mtazame huyo hapo, analala na kuku."

"Jenerali roho yake ni ngumu. Wako wa hivyo, ukiwakosea wanakusamehe siku hiyo hiyo. Wengine wanaweka moyoni. Huwezi kuwafunza wote kama askari wa gwaride moja. Yule wa kuweka atanyamaza, atanyamaza, halafu siku moja atauma, na watu waseme aliuma bila sababu." Kisha akamweleza ishara za kuangalia: mdomo uliofungwa ghafla, weupe wa jicho, ulimi unaolamba pua, mwili unaokauka.

Mosoti alimsindikiza mpaka langoni kwa adabu zote, halafu kwa siku kadhaa akamsema vibaya kwa kila aliyekubali kusikiliza. Lakini jioni ile ile alikuwa amemfikiria Bosco. Alimfikiria, akaitazama simu, na hakupiga Asumbi. Bosco ndiye aliyekuwa tangazo la biashara yake. Picha zake na mtoto zilikuwa zimeleta wateja kutoka Rongo. Alinyamaza kwa ajili ya jina lake. Hakuna sababu nyingine, na mtu asimtafutie.

Sasa alisimama nje ya kanisa, kijasho kikimtoka, akitafuta namba ya Phelesia. Alikuwa hajawahi kuipiga. Kwa Abagusii kuna heshima kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, wenyewe huiita ensoni: hawapeani mikono, hawataniani, na baba mkwe hakanyagi chumba anacholala mke wa mwanawe, hata nyumba iwe inavuja. Phelesia ni Mjaluo, alijifunza mambo hayo baada ya kuolewa, na kwa kuwa si ya kwao aliyashika kuliko wenyewe. Akimsalimu Mosoti, alisalimu viatu vyake. Ujumbe wowote kati yao ulipitia kwa Kerosi.

Mosoti alipiga. Simu iliita hadi ikakatika. Alipiga tena, akaambiwa mteja hapatikani. Aliandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: MTOENI MTOTO HAPO. Binamu mmoja wa Kisii akajibu, "Amina." Shangazi mmoja akaandika kwamba mzee anaona wivu mbwa kupendwa kuliko yeye, akaongeza vikatuni vinavyolia kwa kicheko.

Mosoti alipanda pikipiki yake na suti yake ya Sabato.

Barabara ya kwenda Awendo ilikuwa na matrekta ya miwa, marefu, yanayojikokota, kila moja likimwaga mabua nyuma. Kerosi alikuwa dereva wa mojawapo. Alifanya kazi hata Jumamosi, Sabato yao, jambo ambalo baba yake alilikemea mbele ya familia nzima. Kerosi alikuwa amesema "sawa, baba," na Jumamosi iliyofuata akaenda kazini kama kawaida. Mosoti alisimama kando ya barabara akampigia. Kerosi alipokea, ngurumo ya injini ikisikika nyuma yake.

"Kerosi, mke wako yuko wapi?"

"Ako nyumbani, baba. Mbona unahema hivyo?"

"Mtafute mtu wa hapo karibu, yeyote. Amwambie amtoe mtoto kwa Bosco. Mbwa afungwe, sasa hivi."

Kerosi alicheka kidogo. "Bosco? Baba, huyo ni mpole kunishinda mimi. Si ni wewe ulisema hata akikatwa hatalia?"

"Nilisema upuzi."

"Ati nini?"

"Nilimharibu." Mosoti aliipa barabara mgongo. "Nilimpiga kwa sababu ya kunguruma mpaka akaacha. Sasa hana namna ya kusema amechoka. Nimemwona kwenye video, amechoka, Kerosi, amefika mwisho. Daktari aliniambia mambo haya na sikuwaambia."

Trekta lilisikika, na sauti ya mtu akiita zamu ya kupima miwa.

"Alikuambia lini?"

"Kitambo."

Mosoti aliziba sikio la pili, akidhani mtandao umekatika.

"Sawa, baba," Kerosi alisema. "Majirani wote wameenda mazishi. Simu ya Mama Ratemo ilikuwa inaisha chaji. Wewe enda tu." Akakata.

Mosoti alishusha pumzi. Angalau kijana hakumgombeza. Alirudisha simu mfukoni akaondoka kwa kasi isiyofaa umri wake, akayapita matrekta upande usioruhusiwa, akapigiwa honi na kutukanwa kwa lugha zote za mkoa.

Rongo alikata kuelekea Homa Bay. Njia nzima alikuwa anauona uso wa Ratemo, mashavu yale ya kuvimba, na kila alipouona aliuona na alama juu yake. Aliogopa. Alikuwa amewahi kukabiliana na mbwa wenye kichaa na waume wa watu waliolewa chakari, lakini hofu kama ya siku hiyo hakuwa ameijua. Alimwomba Mungu aliyemwacha kanisani amtangulie.

Alifika akakuta amani.

Ua ulikuwa umefagiwa. Phelesia, ambaye ni fundi wa kushona sare za shule, alikuwa nyuma ya nyumba akianika sketi zilizofuliwa. Ratemo alikuwa amekaa chini akigonga kifuniko cha ndoo. Bosco alikuwa amelala kivulini hatua chache kutoka kwake. Mosoti aliona mikono yote miwili ya mtoto, uso mzima, masikio yote, na machozi yakamlenga. Alifika mpaka langoni ndipo akazima injini.

Hapo ndipo alipokosea, ingawa hakuna aliyeweza kumlaumu. Bosco alikuwa ameijua pikipiki ile tangu hajafumbua macho vizuri. Aliposikia injini aliinuka, masikio yakalala, akamtazama mzee aliyevaa suti pale langoni. Hakubweka. Alijikunja, mkia katikati ya miguu, akapenya mlangoni, akaingia nyumbani.

"Boko!" Ratemo aliita kwa furaha. Akatupa kifuniko, akamkimbilia.

"Ratemo!" Mosoti aliita, lakini mtoto alishaingia.

Phelesia alitokea kona ya nyumba akiwa na sketi mbichi mkononi. Alipomwona baba mkwe wake alishtuka, akainamisha macho. "Baba, karibu. Kwema? Kerosi hayuko, ako Awendo."

"Mtoto ameingia wapi na mbwa?"

"Ako tu ndani. Hupenda kucheza huko chini ya kitanda." Kisha akaiona sura yake. "Baba, kuna nini?"

Mosoti alikuwa ameshafika sebuleni. Alipita kando ya cherehani, akafika kwenye pazia la chumba cha kulala, na hapo miguu ikakataa yenyewe. Maisha yote ilikuwa imefundishwa kusimama hapo. Pazia lilikuwa limefungwa fundo juu kwa ajili ya hewa. Alichuchumaa akachungulia.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku upande mmoja na ukuta pande mbili. Bosco alikuwa kwenye kona. Nyayo za Ratemo zilikuwa zimeelekea mlangoni, tumbo chini, na mkono wake ulikuwa umeshika sikio la mbwa. Alikuwa anamwimbia kitu kisichokuwa na maneno. Mbwa hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anamtazama Mosoti, mdomo umefungwa, weupe wa macho umejaa.

"Bosco," Mosoti alisema, kwa sauti ile ile ya siku zote.

Mbwa alirudi nyuma kwa nguvu, kitanda kikatikisika. Midomo ilipanda, meno yakaonekana, yakafichika. Hakuna sauti iliyotoka. Ratemo alicheka, akajivuta kumfuata.

"Nyasaye, Mungu wangu," Phelesia alinong'ona nyuma yake. Alikuwa ameyaona meno. "Baba, nimvute mguu?"

"Usimvute. Ukimvuta atalia, na akilia mbwa atauma. Uso wa mtoto uko hapo hapo mdomoni."

"Lakini hata hangurumi."

"Ndiyo maana."

Mosoti alivuka pazia. Nyuma yake alisikia Phelesia akishika pumzi. Kwa wengine ingekuwa hatua moja tu, kwao ilikuwa jambo la kuitiwa wazee. Hakujali. Alitaka kukinyanyua kitanda, amkamate mbwa shingoni, amalize. Lakini alipoweka mguu ndani, Bosco alijisukuma zaidi kwenye ukuta, na kwa kuwa ukuta hausogei, akaanza kupanda juu ya mtoto. Mguu wake wa mbele ulimkanyaga Ratemo begani. Mosoti alisimama. Mguu wa pili ulibaki hewani.

Angekuwa Jenerali, angesema "Toka!" na Jenerali angetoka akitikisa mkia, akiomba msamaha kwa kosa asilolijua. Amri ilimtosha Jenerali. Huyu, kila amri ilikuwa fimbo ya mpera. Kila hatua ya Mosoti ilikuwa inamsukuma mbwa juu ya mtoto, na mlango pekee wa kutokea ulikuwa umezibwa na mtu mmoja ambaye Bosco alimwogopa kuliko wote duniani. Mosoti alilielewa hilo akiwa amesimama kwa mguu mmoja katika chumba cha mke wa mwanawe, na kulielewa kulimuuma kama kofi.

Aliurudisha mguu nyuma. Akarudi nje ya pazia bila kugeuka.

"Sikiliza," alimnong'oneza Phelesia. "Anayeogopwa ni mimi. Mimi naondoka."

"Unaniacha?"

"Nikikaa hapa hatatoka. Wewe anakupenda. Ingia, keti sakafuni, mbali na mlango. Usimtazame machoni, tazama dirisha. Usimwite, usimwamuru kitu. Ongea na mtoto vile mnaongea kila siku. Mwachie njia tu, atatoka mwenyewe."

"Baba, na akimuuma?"

Mosoti alimwonyesha sakafu. "Keti," alisema. "Taratibu."

Aliondoka. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya kuliko kuvuka sebule ile akimpa mgongo mjukuu wake. Aliiacha milango wazi. Langoni aliisukuma pikipiki bila kuiwasha, akaipeleka barabarani, akasimama nyuma ya ua wa miti. Kwa mbali alimsikia Phelesia, sauti ikitetemeka kisha ikitulia, akimuuliza Ratemo kama amekula ndizi.

Mwanamke mmoja mchuuzi alipita na beseni la nyanya kichwani. "Habari ya Sabato, mzee? Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu."

"Kama ni Kerosi, hayuko. Mke wake yuko. Bisha tu hodi, ni msichana mzuri."

"Mama, tafadhali nenda."

Mwanamke alimkata jicho akaenda zake. Mosoti aliushika mti wa ua. Sauti ya Phelesia ilikuwa imepungua. Sasa alikuwa anaimba, wimbo wa Kijaluo wa kubembeleza, ule ule mstari ukirudi na kurudi. Jua lilimpiga utosini. Koti la suti lilikuwa limelowa mgongoni na hakulivua.

Kisha Ratemo akapiga kelele.

Ilikuwa kelele moja, kali, ya mtoto aliyeumizwa au aliyeshtuliwa, na hakuna babu awezaye kutofautisha kutoka barabarani. Mosoti alishaingia langoni kabla hajajua. Akasimama. Alijua kwamba akitokea mlangoni sasa mbwa atageuzwa, arudi kulekule kwenye kona, juu ya mtoto. Alijua, na mwili wote ukataka kukimbia hata hivyo. Aling'ata ngumi yake mwenyewe, akarudi nyuma ya ua, akasimama huko, mtoto akilia ndani.

Bosco alitoka. Alitoka chini chini, tumbo likigusa ardhi, akavuka ua bila kutazama kando, akaenda kulala nyuma ya choo. Nyuma yake alitokea Phelesia amembeba Ratemo. Mtoto alikuwa analia kwa sauti kubwa, uso mzima mzima, mashavu yote mawili, pua yote. Shati lake lilikuwa limepasuka begani.

"Alikuwa anatoka vizuri," Phelesia alisema, naye machozi yakimchuruzika. "Alikuwa amempita. Ratemo akamshika mkia, akageuka tu, kap! Hakunguruma, baba. Hakusema kitu."

Mosoti aligeuza kitambaa cha shati. Kilikuwa na matundu mawili. Chini yake bega lilikuwa na mstari mwekundu, ngozi haikutoboka. Aliutazama mstari huo, akapima kwa macho umbali kutoka hapo mpaka shavuni. Ulikuwa upana wa kiganja cha mtoto.

"Apelekwe hospitali aangaliwe hata hivyo," alisema. "Na mbwa nitamrudisha Suna leo leo."

Alichukua kamba kwenye pikipiki, akazunguka choo. Bosco alimwona. Hakukimbia. Alijilaza ubavu, akaonyesha tumbo, na mkojo ukamtoka, ukatengeneza kidimbwi chini yake. Macho yalikuwa makubwa. Koo lilikuwa linatembea juu na chini kama la mtu anayemeza maneno, na hakuna sauti iliyotoka. Mosoti alikuwa ameona mbwa wakifanya hivyo mara nyingi. Siku zote alikuwa ameiita heshima.

"Baba." Phelesia alikuwa amesimama nyuma yake, mtoto kiunoni. "Hiyo kamba nipe mimi."

Alimpa. Phelesia alimsogelea mbwa kwa ubavu, akaketi, akangoja, akamfunga taratibu. "Atakaa kwenye jiko la nje, mbali na mtoto. Mtafute daktari wa mifugo, akuje aseme kama anaweza kusaidika. Lakini na wewe harudi."

"Sawa," Mosoti alisema.

Phelesia aliinuka, lakini hakuondoka. Alikuwa anamfuta Ratemo pua kwa kona ya kitenge, anaifuta na kuifuta hata baada ya kukauka.

"Kerosi naye ako hivyo," alisema.

"Hivyo vipi?"

"Hanyanyui sauti. Tangu tuoane sijamsikia hata siku moja akisema amekasirika. Ukimkosea anasema sawa. Watu huniambia nina bahati." Alimhamisha Ratemo kiuno cha pili. "Juzi uji uliungua. Akasema hakuna shida, akatabasamu, akaamka akapiga kabati ngumi mpaka mlango ukapasuka katikati. Halafu akakaa, akamaliza uji wake. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto."

Phelesia aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamtazama baba mkwe wake usoni.

"Baba, usione vibaya nikiuliza. Kerosi akiwa mdogo, alikuwa akikasirika, mlikuwa mnamfanyia nini?"

Simu iliita mfukoni mwa koti kabla hajajibu. Ilikuwa Kerosi. Mosoti alipokea, na Phelesia hakuondoa macho.

"Baba, mtoto?"

"Yuko salama. Ameshtuka tu. Shati limeraruka. Yuko salama kabisa."

"Na mama yake?"

"Yuko hapa, salama."

"Sawa."

Injini ya trekta ilikuwa imezimwa. Hakukuwa na kelele yoyote upande ule. Mosoti aligeukia ukuta, akateremsha sauti. "Kerosi. Nilijua na nikanyamaza. Ni mwanao. Una haki ya kunikasirikia."

"Hakuna shida, baba."

"Nigombeze. Sema chochote, sitakurudishia. Nitukane hata, mwanangu."

"Hakuna shida," Kerosi alisema. Sauti yake ilikuwa laini, tulivu, haina mkwaruzo wowote. "Usiondoke hapo. Nimeacha trekta kwa mwenzangu. Nakuja nyumbani sasa hivi."

Simu ikakatika. Mosoti alibaki ameishikilia sikioni. Phelesia aliuliza alichosema Kerosi, naye badala ya kumjibu akamwambia achukue mtoto waende hospitali, waende sasa, na wasirudi mpaka yeye awafuate huko.